Kengele ya Mama Mkwe

Oljato, Januari 11, 1969

Emmett,

Nakuandikia nikiwa sakafuni karibu na jiko la kuni. Lorinda yuko pajani ananivuta kalamu, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usidhani nimelewa. Tuko hai. Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni Mama. Kaka Hoskie alikwenda kumchukua hospitali jana, akamrudisha amemviringisha blanketi kama kondoo mgonjwa. Mikono imepona. Mguu wa kulia unaendelea vizuri. Wa kushoto bado umefungwa, na nesi alimwambia Hoskie kwamba vidole vikizidi kuwa vyeusi arudishwe haraka. Mama mwenyewe halalamiki. Anauliza kama kondoo wamekunywa maji, basi.

Tangu urudi mgodini silali vizuri. Nimeirudia safari nzima kichwani, kuanzia tulipofunga mlango kule Moab ili tumrudishe Mama kwake Oljato, na kila nikiirudia naishia kwangu mwenyewe. Acha niiandike, labda itanitoka.

Mama alikataa kukaa mbele, na angekaaje wakati wewe ndiye unayeendesha. Miaka miwili tangu unioe hajauona uso wako wala wewe wake. Nilijivunia hilo, maana wengi wa rika letu wameuacha mwiko wa mkwe, wanakaa meza moja wanatazamana kama ng'ombe. Basi akapanda nyuma ya pikapu, ngozi za kondoo chini, turubai juu, nami nikaziba dirisha la nyuma kwa gunia la unga. Asubuhi ile Lorinda alilia bila kunyamaza. Mama akafungua kiunoni ile kengele yake ndogo ya fedha, anayoivaa ili popote ulipo usikie anakuja ugeuze uso, akanipa nimtingishie mtoto. Nikaifunga kwenye upinde wa ule ubao tunaomfungia mtoto kulala. Kweli alinyamaza. Nikasahau kukuambia kwamba kengele iko mbele na sisi.

Uliposimama kukaza mnyororo wa gurudumu ili lisiteleze kwenye theluji, pale barabara inapokata ule mgongo wa jiwe jekundu baada ya Bluff, mimi nilikuwa nimelala, titi nje, mdomo wazi. Mama akaona kuna nafasi, akashuka kwenda haja nyuma ya mti wa mreteni. Wewe ukamaliza, ukaingia, ukasikia kengele, ukajua amekwisha panda, ukaondoa gari. Nani asingeondoa?

Niliamka tumekwisha fika Mexican Hat, penye kituo cha mafuta. Tenki limejaa, wewe unaingia na vikombe viwili vya kahawa. Nikasema changu nimpelekee Mama kwanza apate joto. Nikafunua turubai nikakuta ngozi tupu.

Tulipomfikia alikuwa anatembea katikati ya barabara, kichwa wazi, theluji kwenye nywele, viatu vyake vya ngozi ya kulungu vimelowa hadi kwenye vifundo. Wewe ulijifunika uso kwa kofia mpaka nilipomaliza kumpandisha, na hata katika hali ile nilikushukuru moyoni kwa adabu hiyo. Nikamuuliza mtandio wake uko wapi. Akasema, twende. Nikapanda naye nyuma, nikaiweka miguu yake tumboni kwangu chini ya gauni, na ilikuwa kama nimekumbatia mawe ya mtoni.

Kosa ni langu, Emmett. Nimewaambia hivyo wote hapa.

Lorinda bado hajacheka. Anatabasamu tu, tena akiwa usingizini.

Ni mimi,
Nanabah

~

Moab, Januari 19, 1969

Nana wangu,

Barua imefika ina harufu ya moshi wa mreteni. Nimeiweka chini ya mto. Wenzangu ninaokaa nao chumba tangu muondoke wanauliza nani anapika.

Nilirudi salama, ingawa barabara ilinichosha. Yale mawe yalikuwa mekundu chini na meupe juu, kama nyama ya mbavu yenye mafuta, nikapata njaa njia nzima na hakuna mtu wa kunimegea hata mkate wa kukaanga. Heater imekufa baada ya Blanding. Niliendesha nimevaa soksi mikononi. Ungenicheka.

Usijiadhibu sana na hiyo kengele. Kweli, ungeniambia tu, neno moja, kengele iko huku, ningepiga honi nikasubiri. Lakini ulikuwa umechoka. Mwanamke mwenye kichanga anachoka, anasahau, haya ndiyo mambo ya dunia. Mimi sikulaumu, na ukisikia mtu anakulaumu mwambie mume wangu amekwisha nisamehe.

Sasa sikiliza habari njema. Nimepata nyumba. Si chumba, ni nyumba, ina mlango wa mbele na wa nyuma na bomba la maji ndani, maji ya moto na ya baridi. Jikoni kuna dirisha linalotazama mto. Hakuna haja ya kuning'iniza blanketi katikati ya chumba, hakuna haja ya mimi kupiga mluzi nje ya mlango wangu kama mwizi mwenye adabu. Unajua wenzangu mgodini walikuwa wananiita Kipofu? Wakati wote Mama yako alipokaa kwetu, kila nikitoka kazini. "Kipofu, mama mkwe anakuja," kisha wanagonga vijiko. Nilicheka nao. Unafanyaje.

Mwishoni mwa Februari nakuja kuwachukua wewe na mtoto. Na tafadhali mzuie huyo msichana asicheke mpaka nifike. Kicheko cha kwanza nakitaka mimi, ili kama desturi inavyomtaka aliyemchekesha, karamu niiandae mimi, chumvi awagawie wageni akiwa mikononi mwangu. Hoskie akae mbali naye, sitaki mwanangu arithi uchoyo wa mjomba wake.

Na tandiko langu la farasi, nililiacha ukutani upande wa kusini. Angalia paa lisivuje juu yake. Ngozi ikilowa na kukauka inapasuka, halafu haifai tena.

Mumeo,
Emmett

~

Oljato, Januari 30, 1969

Emmett,

Wamekata vidole viwili. Daktari alisema kwa upole, mkalimani akatafsiri kwa upole zaidi, Mama akaitikia kwa kichwa kana kwamba anaambiwa bei ya sufu. Alichotaka kujua ni kama ataweza kuwafuata kondoo hadi kwenye korongo. Walimwambia ndiyo, polepole, tena si msimu huu. Njiani alimwambia Hoskie kwamba kondoo hawajui kwenda polepole.

Sasa ana jambo lingine. Macho. Anasema yana ukungu. Anakaa ametazama ukuta, amefunga kitambaa cheusi usoni, hata mchana. Tulidhani ni mwanga wa theluji umemchoma siku ile. Hoskie amemleta yule mzee anayetambua chanzo cha ugonjwa mkono wake unapotetemeka, na mzee akasema haya si ya theluji, kuna kitu alikiona asichotakiwa kukiona. Tukamuuliza Mama ni kitu gani. Akasema amechoka, tumwache alale.

Umesema nikisikia mtu ananilaumu nimwambie umenisamehe. Basi nilisikia. Mama mdogo Altnabah alikuja Jumapili na bibi wawili wa ukoo wetu, na wakati nawamiminia kahawa akanisema mbele yao. Alisema, "Ulimpa mtoto kengele achezee, ukampa na miguu ya mama yako." Nikaendelea kumimina. Nikamwambia ni kweli, mama mdogo, chukua sukari. Yule aliyemimina kahawa na kusema chukua sukari, sijui alitoka wapi, mimi sikuwepo.

Hoskie yeye ana lake. Anasema mtu anayejua kukaza mnyororo wa gurudumu angejua pia kuangalia kama abiria wake yuko. Nilimkemea. Nikamwambia mume wangu ana mwiko, hawezi kufunua turubai ya mkwewe kama anayekagua viazi. Akaendelea kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Nyumba nimeisikia. Bomba la maji nimelisikia, usidhani halinisisimui, mimi ndiye ninayeyeyusha theluji kwa ndoo ili niwe na maji ya nepi. Lakini mwisho wa Februari ni karibu mno. Mama hawezi kusimama, haoni vizuri, na kondoo watazaa Machi. Nipe mpaka nyasi zitoke. Au ukubali aje akae nasi tena, mpaka atakapotembea. Kwenye nyumba yenye milango miwili, wewe utapita mmoja na yeye mwingine. Ulisema mwenyewe ipo milango miwili.

Niambie unavyofikiri. Kweli, si mzaha.

Nanabah

~

Moab, Februari 8, 1969

Nanabah,

Umesema kweli, si mzaha. Haya.

Sitaki. Nyumba ile nimeitafutia familia yangu, na familia yangu ni wewe na Lorinda. Miezi miwili alikaa na sisi mtoto alipozaliwa, na miezi miwili nimekula chakula changu ndani ya pikapu, sahani magotini, dirisha limeganda. Mtu atoke chini ya ardhi, mapafu yamejaa vumbi, afike kwake apige mluzi, asubiri, asikie kengele inakwenda nyuma ya blanketi, ndipo aingie. Unamwona mtoto wako wa kwanza kwa zamu. Hilo hukuliona, maana wewe ulikuwa upande wa joto wa blanketi.

Mimi nilikulia shule ya bweni, nilinyolewa nywele nikiwa mtoto mdogo, nikisema lugha yetu nilioshwa mdomo kwa sabuni. Pamoja na hayo nilipokuoa nilisema sawa, nitaushika mwiko wa kwenu, kwa sababu ni wewe. Niliushika. Sasa naona kila mtu pale Oljato, kuanzia Hoskie na shoka lake, ananipima kwa vidole viwili vya miguu.

Sikumwambia ashuke. Gari likisimama kwenye theluji mtu anagonga bati, anasema nashuka. Hakugonga. Na mwanamke aliyeweza kupanda juu ya jiwe akasimama anapunga mtandio kama anayeita mbuzi, angeweza pia kukimbia hatua chache akapiga bati kwa ngumi. Sauti anayo. Kondoo wanamsikia ng'ambo ya korongo.

Kuhusu macho, hospitali wana dawa za macho. Mpelekeni huko, muwaache wazee na mikono yao inayotetemeka.

Nakuja Machi mosi, Jumamosi, mchana. Vitu vya mtoto viwe tayari.

Emmett

~

Oljato, Februari 15, 1969

Emmett,

Barua yako niliisomea dukani, nimesimama, kwa sababu sikuweza kungoja. Nikasoma mpaka kwenye mbuzi, nikarudi juu. Mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado sijui.

Mtandio ule sikuwahi kukuandikia kwamba ulipungwa. Nilikuandikia kwamba tulimkuta kichwa wazi. Mimi mwenyewe sikujua ulikwenda wapi. Hoskie hajui. Mama hakumwambia mtu.

Nilifika nyumbani, nikamkuta anachambua sufu kwa kupapasa, kitambaa cheusi usoni. Nikamlaza mtoto. Nikamuuliza, Mama, mtandio wako wa manjano uliishia wapi? Akasema upepo uliuchukua. Nikamuuliza uliuvua wa nini kwenye baridi ile. Akamaliza kwanza sufu iliyokuwa mkononi. Kisha akasema:

"Niliupunga. Nilidhani hajaniona."

Nikasema, na alikuona?

"Tuliangaliana, mwanangu. Kwenye kile kioo cha pembeni. Gari lilikuwa bado limesimama. Nikasahau kufunika uso kwa sababu nilikuwa naogopa kuachwa. Yeye aliangalia kwanza, nikaangalia na mimi. Kisha akaondoa gari."

Nikamuuliza kwa nini amekaa na jambo hilo, hata mama mdogo aliponisema mbele ya watu akasikia na kunyamaza. Hapo ndipo alipolia. Sijamwona Mama akilia tangu tulipomzika Baba. Alisema, "Ningekuambia siku ile ungefanyaje? Ulikuwa na maziwa yanatoka, na sisi tuko barabarani, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Nikasema nikuache mpaka mtoto akue kidogo. Kisha siku zikapita na neno likawa zito."

Ndiyo maana amefunga macho. Si theluji. Anaamini wakwe wakitazamana hupofuka, na kwamba anapofuka kwa sababu ya kioo kile.

Nataka uniandikie kilichotokea. Si kwa Hoskie, hataiona barua. Niandikie mimi niliyesema kosa ni langu nikiwa nimekuangalia usoni, nawe ukaniambia umenisamehe.

Nanabah

~

Moab, Februari 21, 1969

Nana,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikachana.

Sikupanga. Nikianzia popote lazima nianzie hapo. Nilimaliza mnyororo, vidole vimekufa ganzi, nikaingia, nikafunga mlango. Nikatazama kioo ili niondoke salama, kama dereva yeyote anavyofanya, na yeye alikuwa humo ndani ya kioo. Mdogo sana. Amesimama juu ya jiwe jekundu na blanketi lake, anapunga kitu cha manjano. Tukaonana. Miaka miwili ya kugeuza shingo, na uso wenyewe ulikuwa uso wa bibi tu, amekunja macho kwa upepo. Sijui nilitegemea nini.

Nikasema nisogee kidogo. Akimbie kidogo. Apige kelele, anitukane hata, aniite kwa jina langu mara moja, maana hajawahi. Ndivyo nilivyowaza, kama mvulana.

Nikasogea. Wewe ulikuwa umelala, kichwa chako kimeangukia bega langu. Mtoto amelala. Kengele ikalia kidogo kwenye ubao, na kwa mara ya kwanza ikawa inalia na mimi sina wa kumgeuzia uso. Kulikuwa kimya mle ndani, Nana. Mke wangu, mtoto wangu, gari langu, na mawe mekundu yanapita pande zote mbili. Nikasema nitageuza kwenye kona ile. Ikapita. Nikasema kona inayofuata, penye nafasi. Barabara ile ina kona nyingi, unaijua.

Tulipofika Mexican Hat nikawa siwezi tena kukuamsha na kusema. Ningeanzaje? Kisha ukaamka mwenyewe, ukafunua turubai, na kabla sijafungua mdomo ukapiga yowe kwamba ni kengele, kwamba ni wewe uliyefunga kengele. Ulinipa njia, nikapita. Hilo ndilo baya kuliko yote, najua. Ningeweza kukaa kimya tu, lakini nikakusamehe.

Hakufa. Naomba tulikumbuke hilo. Wapo walioachwa kwenye theluji wakafa, yeye hakufa. Na macho ni hofu tu. Mimi nilimwangalia pia, na macho yangu ni mazima, jana nimesoma barua yako bila hata taa.

Nitakuja Machi mosi kama nilivyosema. Nitamlipia mzee wa kuimba nyimbo za kuponya, siku zote atakazohitaji. Nitamwomba Mama yako msamaha kupitia ukuta. Niambie ni kitu gani nifanye nitakifanya. Nyumba bado ipo. Nimenunua pazia la dirisha la jikoni, la rangi uipendayo.

Lorinda amecheka?

Emmett

~

Oljato, Februari 26, 1969

Emmett,

Amecheka.

Ilikuwa asubuhi, Mama ameketi, miguu kwenye ngozi, nimemwekea mtoto mapajani ili nikoroge uji wa mahindi. Kengele imebaki kwenye ubao tangu siku ile, sikuwa na moyo wa kuigusa. Mama akaipapasa, akaipata, akaitikisa mara moja, karibu na sikio lake mwenyewe, kana kwamba anauliza kama bado inasema. Lorinda akacheka. Si tabasamu, kicheko kabisa, cha tumboni, akashtuka mwenyewe kwa sauti yake kisha akacheka tena. Mama akasema, "Nani huyo?" Nikamwambia ni mjukuu wako, na karamu ni yako.

Tumeifanya jana. Mama alimtoa yule kondoo dume mwenye pembe iliyopinda, ambaye siku zote alisema hatamchinja kamwe. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa nje kwenye magogo, juani. Mama akamshika mtoto, akamshika na mkono, na kila mtu akapita akatiwa chumvi kiganjani na ule mkono mdogo, ili akue na mkono ulio wazi. Mama mdogo Altnabah alipopita, Mama akakizuia kiganja chake hapo hapo akamwambia, watu wote wakisikia, "Kengele niliitoa mimi kiunoni kwa mkono wangu. Nanabah hana deni." Mama mdogo akainamisha kichwa, akanyonya chumvi yake. Baadaye akaja akaosha sufuria zote bila kuombwa. Kuhusu wewe Mama hakutaja neno. Hoskie peke yake alitaka kuuliza, nikamwangalia akaacha.

Nimesoma barua yako. Nimeisoma tena wakati namnyonyesha mtoto. Naamini hukupanga. Naamini hata ile shule na ile sabuni, na sahani ya chakula magotini kwenye baridi, na mimi upande wa joto wa blanketi. Ningeliona hilo mapema ningekuletea chakula kile nikakaa nawe ndani ya pikapu tukala. Sikuliona, na linaniuma. Ungeniambia nisingekuacha ule peke yako.

Lakini nimekaa na mambo mawili, na hayo hayaondoki. Moja ni kahawa. Uliingia na vikombe viwili. Ulikwenda dukani, ukasimama mbele ya mwuzaji, mama yangu yuko kwenye theluji na viatu vya ngozi, ukaagiza kahawa yako na yangu, na sidhani mkono wako ulitetemeka, maana hukumwaga hata tone. La pili ni mimi. Umenilaza wiki baada ya wiki juu ya kosa ambalo si langu, ukaniandikia mzaha, ukanisimulia habari za bomba. Mguu wa Mama ningeweza siku moja kusema ni hasira, ni ujana, ni kona zile. Hili la kwangu ulilifanya ukiwa umekaa kitini, polepole, na kalamu mkononi.

Unauliza ufanye nini. Mzee wa kuimba ameanza jana usiku, Hoskie amempa kondoo na mama mdogo amempa bangili yake. Hatuhitaji. Mama ameondoa kitambaa leo asubuhi kwa muda mfupi, akasema anaona mlango.

Tandiko lako nimelitoa, na unajua kwetu mke akilitoa nje tandiko la mume ndoa imekwisha. Lilikuwa zito nikiwa peke yangu na mtoto mgongoni, lakini sikutaka Hoskie aliguse. Liko nje, mkono wa kushoto wa mlango, pamoja na buti zako, shati la harusi, na redio. Sikulitupa. Nimeliweka juu ya magogo lisishike unyevu, na nimelifunika kwa lile turubai, kwa hiyo hata theluji ikianguka kabla hujafika ngozi haitapasuka. Chini yake kuna kikaratasi kimekunjwa. Ni chumvi, imetoka mkononi mwa Lorinda. Nilimshika mkono akaitia kwenye karatasi kwa ajili ya baba yake, kwa sababu si haki yangu kumfundisha uchoyo kwenye siku yake ya kwanza. Atakua atajua jina lako na ukoo wako. Atakapotaka kukuona nitamleta mwenyewe, mchana, mahali penye watu.

Pazia litakuwa zuri. Acha lining'inie.

Jumamosi ukifika kwenye zizi piga honi. Mama atafunika uso, maana yeye bado ni mkweo mpaka utakapokuwa umepakia, na hataki kukuvunjia heshima mara ya pili. Mimi sina mwiko na wewe. Nitasimama mlangoni, nitakuangalia ukifunga kamba, nitakuangalia ukiingia, ukigeuza gari, ukishuka kuelekea kwenye mawe. Tazama kioo ukitaka. Nitakuwa humo, na sitapunga kitu.

Ile kona ya kwanza chini ya korongo ina nafasi ya kutosha kugeuza. Ukiifika, usigeuze.

Nanabah